Robert Koch

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843, akawa daktari. Aliotesha vijidudu vya maradhi juu ya vipande vya viazi, akavitenga aina kwa aina. Mwaka 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu.

Mwaka 1906 alifika Mwanza, kisha akavuka ziwa hadi visiwa vya Sese, Uganda, ambako ugonjwa wa malale uliua maelfu ya watu. Kwa hadubini aliviona vijidudu vyake. Lakini dawa aliyowapa wagonjwa iliwapofusha baadhi yao. Alifariki mwaka 1910.

Kumbuka basi: kukijua kijidudu hakutoshi, dawa nayo hupimwa. Siku hizi, katika maabara za hospitali, vijidudu viitwavyo bakteria huoteshwa katika sahani, na juu yake huwekwa karatasi ndogo zenye dawa mbalimbali. Visipoota kando ya karatasi fulani, daktari huichagua dawa hiyo. Nawe ukiugua, usimeze dawa kwa kukisia, nenda ukapimwe.