Muuza Vitambaa Aliyechungulia Kinywa Chake

Asubuhi kwenye masinki ya hosteli huwa tunayaona haya: mwenzako anapiga mswaki, anatema povu lenye damu, anafungua bomba, damu inakwenda zake. Kesho yake anaukwepesha mswaki upande ule, eti fizi zipumzike. Akipata hela ananunua dawa ya kusukutua, mambo yanaishia hapo. Kabla hujamwiga, soma kwanza habari za mzee mmoja wa Uholanzi aliyelichunguza jambo hili zaidi ya miaka 300 iliyopita, tena kwa kutumia kinywa chake mwenyewe.

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft. Baba yake alikuwa msukaji wa vikapu, akafariki Antonie akiwa bado mtoto. Alipofika miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Mwaka 1654 akarudi Delft, akaoa, akafungua duka lake, na baadaye akapata na kazi ya serikali ya mji. Chuo kikuu hakukanyaga. Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule, hakukijua kabisa. Ni kama leo mtu atake kuandika kwenye jarida la kimataifa wakati Kiingereza hana.

Wauza vitambaa walitumia kioo cha kukuzia ili kukagua nyuzi. Yeye hakuridhika na hicho. Akajifunza kutengeneza lenzi ndogo sana, akaibana katikati ya vibati viwili vya chuma, akaisogeza karibu kabisa na jicho. Hadubini yake bora kati ya zilizobaki hadi leo hukuza kitu kama mara 270. Mwaka 1673 daktari wa mjini kwao, Regnier de Graaf, alimtambulisha kwa Jumuiya ya Kifalme ya London, akaanza kuwaandikia barua kwa Kiholanzi chake.

Mwaka 1676 aliwaandikia kwamba ameona vijidudu hai ndani ya maji. Wasomi wakaguna. Yeye hakununa, aliwaita watu wa heshima wa mjini, wakiwemo wachungaji, wachungulie wenyewe na kutoa ushahidi. Mwaka uliofuata Robert Hooke akarudia jaribio huko London, naye akaviona. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama wa jumuiya ileile.

Sasa tuje kinywani. Septemba 1683 Leeuwenhoek alikuwa na miaka 50, na alijivunia meno yake. Kila asubuhi aliyasugua kwa chumvi, akasukutua kwa maji, na baada ya kula alichokonoa kwa kijiti na kufuta kwa kitambaa. Fizi zake hazikutoka damu hata akisugua kwa nguvu. Mtu mwingine angeishia kujisifu. Yeye alichungulia kwenye kioo, akaona katikati ya magego kuna kitu cheupe, kizito kama uji wa unga. Ule ndio ukoga. Akautoa, akauchanganya na maji safi ya mvua, akauweka kwenye hadubini. Kumbe mlikuwa na viumbe wengi ajabu: wengine wakikata maji mbio kama samaki, wengine wakizunguka kama pia.

Akachunguza pia ukoga wa wanawake wawili, wa mtoto wa miaka 8, na wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani. Kwa huyo mzee vijidudu vilikuwa havihesabiki. Barua ile ilikwenda London na michoro, na ndiyo michoro ya mwanzo kabisa ya bakteria tunayoijua.

Lakini jaribio linalotuhusu zaidi ni la siki. Alisukutua kwa siki kali, kisha akatoa ukoga tena: vijidudu vilikuwa vizima. Alipouchanganya ukoga wenyewe na siki nje ya kinywa, vikafa palepale. Akang'amua kwamba siki iliua vya juu tu, haikupenya ndani. Leo tunajua sababu: bakteria hujishikiza kwenye jino tabaka juu ya tabaka, wakijifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Ndiyo maana kusukutua peke yake hakutoshi. Ukoga lazima usuguliwe utoke.

Yeye mwenyewe hakuunganisha vijidudu na maradhi. Kati ya watoto wake watano, wanne aliwazika wakiwa wadogo. Alibaki Maria tu, aliyekaa naye mpaka mwisho. Uhusiano wa bakteria na magonjwa ulithibitishwa karne ya 19, enzi za Pasteur na Koch. Na hapa, kama mwalimu mtarajiwa, mzee namlaumu kidogo: siri ya lenzi zake bora hakumfundisha mtu. Alifariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90, ufundi ule akaondoka nao.

Kuhusu fizi, jibu lilikuja mwaka 1965 huko Denmark. Harald Løe na wenzake waliwaomba watu 12, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, zikapona baada ya kama wiki moja.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kwenye sinki, damu ile mara nyingi inakuambia kwamba pale ukoga umekaa. Ukipakwepa, unaulisha na kuulea. Ukikaa zaidi unakuwa mgumu kama jiwe, mswaki hauutoi tena. Na kwa baadhi ya watu ugonjwa hushuka mpaka kwenye mfupa, meno yakaanza kucheza. Piga mswaki palepale, taratibu, mara mbili kwa siku, na katikati ya meno usipasahau. Damu isipokoma, nenda kwa daktari wa meno. Leeuwenhoek alikuwa na kinywa kisafi kuliko wengi wa mji wake, na bado alichungulia.