Kivoi, Bwana wa Pembe

Mtalii aingiaye Tsavo Magharibi kwa lango la Mtito Andei, huko Makueni, hasimuliwi ila habari za simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Kivoi wa Mwendwa hatajwi, ilhali misafara yake iliikata nyika hiyo ya Ukambani miaka hamsini kabla.

Kivoi alikuwa Mkamba wa Kitui, mfanyabiashara wa pembe za ndovu zilizochukuliwa kwa miguu hadi Mombasa. Mwaka 1849 alimkaribisha kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, akampasha habari za mlima wenye kilele cheupe. Tarehe 3 Desemba Krapf akauona. Wakamba huuita Kiinyaa. Sauti r na g za Kirinyaga ya Wakikuyu hudondoka katika lugha yao (sisi wa isimu hatuchoki na mambo haya). Hivyo jina la nchi yetu lilitufikia kwa kinywa cha wauza pembe, si kwa maafisa wa Kiingereza.

Agosti 1851 Kivoi alifunga safari kwenda mto Tana, Krapf akiwamo. Majambazi waliwavamia, wakamwua. Krapf alitoroka peke yake, akichukua maji ndani ya mtutu wa bunduki. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimshutumu: imekuwaje hakufa na rafikiye? Mimi siwaoni wakatili, maana waliondokewa na mzee wao, na mgeni akarudi mzima. Krapf alitoroka tena usiku, akarejea Rabai.