Baroni Aliyeupima Mlima kwa Pembetatu

Kila anayesomea ualimu wa hesabu analijua swali lile la Kidato cha Pili: thibitisha kwamba pembetatu hizi mbili zinalingana. Wanafunzi hukariri pembe-upande-pembe, wanapata alama zao, basi. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huku Kibosho niliamua kuwasimulia habari za Carl Claus von der Decken.

Jamaa alizaliwa Ujerumani mwaka 1833, akawa ofisa wa jeshi la Hanover, na mwaka 1860 akaja Zanzibar. Enzi hizo Kilimanjaro kilikuwa kesi. Mmisionari Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji mwaka 1848 na kuandika. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekaa zake Uingereza na hajawahi kukanyaga Afrika, akabisha kabisa. Wachaga walioamka nayo kila asubuhi wala hakuna aliyewauliza!

Mwaka 1861 Decken alikuja huku na mjiolojia kijana, Richard Thornton. Hawakufika juu sana, ila walipima. Na hapa ndipo pembe-upande-pembe inapoacha kuwa ya kukariri. Ukijua urefu wa mstari mmoja tambarare, na pembe ya kutoka kila ncha yake kuelekea kileleni, pembetatu imeshafungwa. Yeyote atakayechora nyingine kwa vipimo hivyohivyo atapata ileile yako. Kwa hiyo zile pande mbili nyingine huhitaji kuzitembea, unazipigia hesabu. Ukipima tena pembe ya kuinua macho hadi kilele, unapata na kimo. Bila ule ulinganifu, namba yako ya mwisho ingekuwa kubahatisha tu, na Cooley angekucheka.

Thornton alikufa kwa ugonjwa mwaka 1863, akiwa na miaka 25. Decken alikuwa ameshapanda tena mwaka 1862 na Otto Kersten, wakafika kama mita 4,300, theluji ikawaangukia wenyewe. London ikampa nishani ya dhahabu mwaka 1864.

Mwaka uliofuata akapandisha mto Juba kwa meli ya mvuke. Meli ikavunjika kwenye maporomoko, naye akauawa Bardera, ana miaka 32 tu.

Jina lake limebaki kwenye lobelia za huko juu, Lobelia deckenii. Ya wapagazi waliombebea vyombo vya kupimia sijawahi kukutana nayo kwenye kitabu chochote cha shule.