Willem Einthoven, mtu aliyefungua njia ya kukesha kando ya moyo wa mgonjwa

Sisi tunaotembelea wagonjwa hospitalini tumeona watu waliobandikwa nyuzi kifuani, na kando ya kitanda kuna kioo ambamo mstari unapanda na kushuka. Jamaa wengine wanaziogopa nyuzi hizo. Wanafikiri mgonjwa akifikia hapo, mwisho wake umekaribia. Maisha ya Willem Einthoven yanatufundisha kwamba nyuzi hizo ni za kulinda uhai.

Einthoven alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 huko Semarang, katika kisiwa cha Java. Nchi hiyo wakati ule ilitawaliwa na Uholanzi, na leo ni sehemu ya Indonesia. Baba yake, aliyekuwa daktari, alikufa Willem akiwa mtoto mdogo. Mwaka wa 1870 mama mjane alihamia mji wa Utrecht, Uholanzi, pamoja na watoto wake sita. Huko Willem alisomea udaktari, na akiwa na miaka 25 tu aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Wataalamu walijua tayari kwamba kila pigo la moyo linatoa umeme kidogo sana. Augustus Waller alikuwa ameuonyesha kwa mwanadamu huko London mwaka wa 1887, lakini chombo chake hakikuweza kufuata vizuri mwendo wa haraka wa moyo. Einthoven alichukua uzi mwembamba mno wa kwazi uliopakwa madini ya fedha, akautandaza katikati ya sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilijaza vyumba viwili na ilihitaji watu watano. Mgonjwa alitia mikono na mguu wake katika vyombo vya maji ya chumvi. Herufi P, Q, R, S na T, ambazo madaktari wanazitumia hata leo kusoma mstari huo, alizichagua yeye.

Lakini mashine haikuweza kupelekwa kwa mgonjwa, naye mgonjwa aliyezidiwa hakuweza kubebwa mpaka kwenye mashine. Mwaka wa 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kutoka hospitali mpaka maabara yake, umbali wa kilometa moja na nusu. Mgonjwa akabaki kitandani, na moyo wake ukasomwa kutoka mbali.

Mwaka wa 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake hakujitwalia sifa zote, bali alimtaja Thomas Lewis wa London, aliyefanya kazi kubwa ya kukitumia chombo hicho kwa wagonjwa. Einthoven alikufa tarehe 29 Septemba 1927.

Matunda mengine yalionekana baadaye. Mtu akipatwa na mshtuko wa moyo, mshipa unaoulisha moyo huziba, na sehemu ya nyama ya moyo huanza kufa. Hasa katika saa za kwanza, umeme wa moyo unaweza kuvurugika ghafula: moyo unatetemeka tu bila kusukuma damu, na mtu hufa kwa dakika chache. Lakini mvurugiko ukionekana mara moja, mshtuo wa umeme kifuani unaweza kurudisha mapigo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 hospitali zilianza kutenga vyumba ambamo mapigo ya wagonjwa hao yanaangaliwa mchana na usiku. Wengine, wakisharudi nyumbani, hupewa chombo kidogo cha kubeba mwilini kinachoandika mapigo kwa siku moja au zaidi. Mwanzilishi wake ni Norman Holter, Mmarekani.

Kwa hiyo, ndugu, mzee akishikwa na maumivu mazito ya kifua usiku, tusingoje asubuhi. Tumpeleke hospitali. Na daktari akimbandika nyuzi, tusimwombe azitoe. Sisi jamaa tutasinzia, lakini mstari ule utaendelea kukesha.