Bwana Friedrich Miescher na Bendeji za Usaha

Muhula huu mwalimu wetu wa Biolojia alitueleza jinsi DNA inavyotolewa katika vipande vya nyama vilivyohifadhiwa. Nilimwuliza ni nani aliyeianza kazi hiyo, naye akanipa kitabu nikasome. Habari nilizozikuta zilinigusa sana, kwani mimi nasikia kwa shida, na nilikuwa nimekwisha kata tamaa ya kusoma sayansi.

Friedrich Miescher alizaliwa Basel, katika nchi ya Uswisi, tarehe 13 Agosti, 1844. Baba yake alikuwa daktari. Yeye naye alisomea udaktari, akafuzu mwaka wa 1868. Lakini masikio yake yalikuwa mazito, na daktari hana budi kuwasikiliza wagonjwa wake. Basi hakukaa kulalamika. Alikwenda Tübingen, Ujerumani, kujifunza kemia ya mwili kwa Profesa Felix Hoppe-Seyler.

Maabara yake ilikuwa katika jiko la zamani la ngome ya mji huo. Alitaka kujua chembe za mwili zimefanywa kwa vitu gani. Kwa kuwa usaha umejaa chembe nyeupe za damu, alichukua bendeji chafu kutoka hospitali. Zilizooza alizitupa, na nzuri aliziosha kwa maji ya chumvi maalum ili chembe zitoke bila kuharibika. Kisha alizitia asidi hafifu pamoja na pepsini, dawa ya kuyeyusha protini, ambayo aliipata katika tumbo la nguruwe. Viini vya chembe vikabaki. Viini hivyo alivitia alkali, halafu asidi, na mara kitu cheupe kikatuama chini. Kilikuwa na fosforasi nyingi, wala hakikufanana na protini yo yote. Mwaka huo wa 1869 alikiita nukleini. Leo twakiita DNA.

Profesa wake hakusadiki upesi. Aliyarudia majaribio hayo kwa mikono yake mwenyewe, na habari haikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1871. Fikirini, kijana amegundua jambo kubwa, na huku aweza kutanguliwa na mwingine, lakini anangoja miaka miwili! Alingoja, na kazi yake ikasimama imara.

Mwaka wa 1872 alifanywa profesa kwao Basel. Huko alitoa nukleini katika manii ya samaki aitwaye samoni, aliyekuwa akivuliwa katika mto Rhine. Kitu hicho huharibika kwenye joto, kwa hiyo alifanya kazi wakati wa baridi kali, katika vyumba visivyo na moto. Baadaye alishikwa na kifua kikuu, akafariki Davos mwaka wa 1895, akiwa na umri wa miaka 51. Hakujua kwamba kitu chake ndicho kinachochukua urithi wa wazazi kwa watoto. Jambo hilo lilionyeshwa huko New York mwaka wa 1944.

Hata leo njia ni ile ile: chembe hufunguliwa, protini huyeyushwa, na DNA hutuamishwa. Mwaka wa 1984 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa wamepata DNA katika nyama kavu ya kwaga, ndugu wa punda milia aliyeishi Afrika Kusini. Kwaga wa mwisho alikufa mwaka wa 1883. Lakini nyama ikihifadhiwa vibaya, kwa mfano ikikaa muda mrefu katika formalini, DNA hukatika vipande vipande. Ndiyo sababu uangalifu wa Bwana Miescher ungali wahitajiwa.

Wanafunzi wenzangu, haraka haraka haina baraka. Tusidharau kitu kwa kuwa kinanuka, wala tusijidharau wenyewe kwa kuwa tuna kilema. Mimi sasa nakaa kiti cha mbele darasani, na kwaka kesho, Mungu akipenda, nitaendelea na Biolojia na Kemia.