William Dockwra

William Dockwra (mnamo 1635 – 25 Septemba 1716) alikuwa mfanyabiashara wa London, Uingereza, aliyeanzisha Posta ya Peni mwaka 1680. Anakumbukwa pia kwa kuahidi fidia kwa wateja ambao mali yao ingepotea njiani.

Maisha
Alifanya kazi katika forodha ya London. Baadaye alishiriki katika biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi, kinyume cha ukiritimba wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika.

Posta ya Peni
Wakati huo posta ya serikali ilibeba barua kati ya miji, lakini haikuzisambaza ndani ya London kutoka mtaa hadi mtaa. Dockwra na mwenzake Robert Murray walifungua mamia ya vituo vya kupokelea barua. Kwa peni moja, iliyolipwa na mtumaji, barua au kifurushi kisichozidi ratili moja (karibu gramu 450) kilifikishwa siku ileile. Muhuri wa pembetatu ulionyesha kwamba malipo yamefanyika. Muhuri mwingine ulionyesha saa, ili ikijulikana barua imechelewa, ijulikane pia ilichelewea wapi.

Fidia
Kifurushi kilichofungwa vizuri na kutiwa muhuri kilikuwa na dhamana ya hadi pauni 10. Pauni moja ilikuwa na peni 240, hivyo mteja aliyelipa peni moja aliweza kufidiwa hadi peni 2,400.

Kunyang'anywa na miaka ya mwisho
Faida ya posta ya serikali ilikuwa mali ya James, mdogo wa mfalme Charles II. Mwaka 1682 Dockwra alishtakiwa kwa kuvunja ukiritimba huo, akashindwa, na huduma yake ikachukuliwa na serikali. James alipopinduliwa, Dockwra aliomba naye afidiwe, akapewa pensheni ya pauni 500 kwa mwaka. Aliteuliwa kuwa msimamizi wa Posta ya Peni mwaka 1697, lakini aliachishwa kazi mwaka 1700 kutokana na malalamiko dhidi yake.

Urithi
Mwaka 1701, katika kesi ya Lane dhidi ya Cotton, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba wakuu wa posta hawawajibiki kwa mali iliyopotea ndani ya barua. Dhamana ya Dockwra ilikuwa imetangulia wakati wake: mkataba wa Umoja wa Posta Duniani wa mwaka 1878 uliweka fidia ya faranga 50 kwa barua ya rejista inayopotea.