Goodyear, mdeni aliyeutuliza mpira

Jina la Goodyear limeandikwa ubavuni mwa magurudumu ya magari yetu, na aghalabu wapita njia hudhani ni la tajiri fulani mwenye kiwanda. Ukweli ni kinyume. Kampuni hiyo ilianzishwa Akron, Ohio, mwaka wa 1898, miaka 38 baada ya Charles Goodyear kufariki, na waanzilishi wake, ambao hawakuwa wa ukoo wake, walilitwaa jina hilo kwa kumuenzi. Yeye mwenyewe alikufa akidaiwa dola zipatazo 200,000.

Alizaliwa New Haven, Connecticut, Marekani, tarehe 29 Disemba 1800. Biashara ya vifaa vya chuma aliyoifungua Philadelphia ilifilisika, naye akaanza kuzoeana na jela za wadeni. Mnamo 1834 alimpelekea wakala mmoja wa New York vali ya boya aliyoiboresha, akaambiwa kwamba dosari haikuwa katika vali bali katika mpira wenyewe. Bidhaa zilizouzwa majira ya baridi zilirudishwa wakati wa joto zikiwa zimegeuka uji unaonuka. Na baridi iliporejea, zile zilizosalia zilikakamaa na kupasuka.

Leo mwanafunzi wa shule ya upili aweza kuieleza sababu. Mpira ni polima, yaani molekuli zake ni minyororo mirefu mno iliyolaliana bila kufungwa. Joto likizidi, minyororo hiyo huteleza mmoja juu ya mwingine. Baridi ikizidi, hushupaa. Goodyear hakuyajua haya, wala hakuna aliyeyajua zama zake. Hoja ya minyororo iliwekwa wazi na Mjerumani Hermann Staudinger mwaka wa 1920, akabishiwa vikali na wataalamu wenzake, na Tuzo ya Nobeli hakuipata hadi 1953.

Goodyear basi alipapasa gizani. Akiwa kifungoni aliukanda mpira kwa kifimbo cha kusukumia unga alicholetewa na mkewe, Clarissa. Alijaribu magnesia, akajaribu chokaa, kisha asidi ya nitriki. Mifuko ya posta aliyoitengenezea serikali kwa asidi hiyo iliharibika kwa joto kabla ya kutumika. Ndipo alipokutana na Nathaniel Hayward, aliyekuwa akiuchanganya mpira na salfa, akainunua haki ya ufundi huo. Mwaka wa 1839, huko Woburn, Massachusetts, kipande cha mchanganyiko huo kiligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka kikaungua kama ngozi, na pembezoni mwa sehemu iliyoungua pakabaki ukanda mwembamba wa mpira ulionyumbuka vizuri. Salfa ilikuwa imejenga madaraja baina ya minyororo, nayo haikuweza tena kuteleza.

Masimulizi hupenda kuliita tukio hilo bahati. Mwenyewe hakulikubali neno hilo, nami naona alikuwa na haki: jiko lile lingeweza kuunguza mpira mbele ya watu mia bila mmoja wao kuona kitu. Isitoshe, ilimchukua miaka mingine kubaini kwamba ulihitajika mvuke wenye shinikizo, joto la takriban nyuzi 132, kwa muda wa saa nne hadi sita.

Miaka hiyo ndiyo inayonitatiza mimi niliye mwalimu. Nyumbani hapakuwa na chakula, na Goodyear aliuza hata vitabu vya shule vya watoto wake ili apate fedha za majaribio. Kati ya watoto wake 12, sita walikufa wakingali wadogo. Tunaomsifu darasani kwa ustahimilivu wake hatuna budi kuwaeleza wanafunzi pia ni nani waliostahimili pamoja naye bila kuulizwa.

Hati ya uvumbuzi aliipata Juni 1844. Uingereza ilikuwa imemponyoka, kwani Thomas Hancock, aliyekuwa ameviona vipande vya mpira wake, alimtangulia kwa majuma machache. Hata jina la kigeni la ufundi huo, linalotokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, lilibuniwa na rafiki wa Hancock. (Sisi tumelitosheka neno moja, mpira, kwa utomvu, kwa tufe na kwa mchezo.) Mwaka wa 1852 wakili Daniel Webster alimshindia kesi kubwa huko Trenton, lakini mapato yaliishia kwa wadai na katika majaribio mapya. Mwaka wa 1855 alifungwa tena kwa deni, safari hii Paris, na nishani ya Ufaransa ikamfikia akiwa gerezani.

Ikumbukwe kwamba mpira aliouacha haukuepuka uzee. Oksijeni na ozoni huishambulia minyororo na madaraja yake. Mwenye kuvaa akala zilizokatwa kwenye gurudumu kuukuu ameziona nyufa zake. Ndiyo maana viwanda huongeza kemikali za kuchelewesha uchakavu, pamoja na masizi ya kaboni yanayoutia mpira weusi na nguvu na kuukinga na jua.

Mwaka wa 1860 Goodyear alifunga safari kwenda kumwona binti yake aliyekuwa mahututi. Alipofika New York alipokea habari kwamba binti huyo ameshafariki. Akaanguka, akachukuliwa hotelini, na tarehe 1 Julai akafa.